Bidoni ya esansi ni ya esansi tu

Huku Kasongo na Kabambare, mvua ikiharibu barabara, esansi inakuwa haba na kila mwenye pikipiki anaweka akiba. Sawa. Lakini katika bidoni gani?

Chupa ya maji, hapana. Tafuta bidoni nzito, yenye kifuniko cha kukaza. Tazama mpira wa kifuniko: ukipasuka, mvuke unatoka. Hauonekani, lakini unashika moto haraka.

Usijaze mpaka mdomoni, maana joto linatanua esansi. Bidoni ikivimba, iache.

Bidoni ya esansi ni ya esansi tu. Isirudi kwenye mawese, hata ukiiosha kwa sabuni! Iandike ESANSI. Anayeidhania petroli ya taa, akaitia kwenye taa, ataungua.

Iweke nje, kivulini, mbali na mbabula, mbali na watoto.