Jirani Asiye na Jina

   

Leo twataka kuwasimulia habari ya picha moja. Hamtaiona picha hiyo popote, na sababu ya kutoiona ndiyo habari yenyewe.

Mwaka jana makanisa ya upande wetu yalitangaza shindano la picha. Mada ilikuwa neno moja tu: Jirani. Kila kikundi kilete picha moja, na chini yake maneno machache. Tangazo halikutaja umri, basi sisi wanne tusio vijana tena, lakini tupendao mambo ya kamera, tukaungana: walimu wawili, fundi cherehani, na kondakta aliyestaafu. Zawadi ya kwanza ilikuwa kamera mpya. Tusiwafiche, tuliitaka sana kamera ile.

Picha tuliyoipata ilikuwa ya mama mmoja achomaye mahindi kando ya barabara kuu. Tulimpiga tukiwa ng'ambo ya barabara, kwa lenzi ndefu ivutayo vitu vya mbali, jua likikaribia kutua, na mvua imetoka kunyesha. Mwanga ulimjia kwa nyuma. Moshi wa jiko ulimzunguka kichwani, leso iko begani, mkono mmoja ameuinua kupangusa jicho, na shavuni tone moja linang'aa. Tulipoiona tulinyamaza kwanza, kisha tukapeana mikono. Chini yake tukaandika: Machozi ya Jirani.

Tukaanza kuwaonyesha watu ili tupate maoni yao. Kila mmoja alisifu. "Hiyo ni namba moja!" "Hapo mmeua!" Mke wa mmoja wetu alisema ingefaa kuwekwa kwenye kalenda. Maoni ya namna hii ni matamu kama muwa, na kama muwa, ukishatafuna hubaki na makapi tu mdomoni. Hakuna hata mmoja aliyetuambia kitu ambacho tungeweza kukitumia. Nasi, kusema kweli, hatukwenda kutafuta cha kutumia. Tulikwenda kutafuta sifa, tukazipata.

Mjini kwetu yuko mzee mwenye studio ya picha, aliyeanza kazi hiyo zamani za filamu, picha zikioshwa katika chumba cha giza. Tulimpelekea tukiwa na hakika kwamba naye atasifu. Mzee akafunga mlango wa studio, akavaa miwani, akaiweka picha mezani. Akachukua vipande viwili vya kadi vilivyokatwa kama pembe ya fremu, akavisogeza juu ya picha, mara apunguze upande huu, mara aongeze upande ule. Kisha akaigeuza picha juu chini, akaitazama hivyo kwa muda mrefu.

"Tairi hili lafanya nini hapa?" akauliza.

Tukainama kutazama. Pembeni kulikuwa na tairi la lori, jeusi, kubwa kama jiko lenyewe. Tulikuwa tumeitazama picha ile siku tisa, na hakuna aliyeliona tairi.

"Mada ni nini?"

"Jirani, mzee."

"Jirani ni nani hapa?"

"Ni huyu mama."

"Jina lake nani?"

Hatukujibu. Hakuna aliyelijua.

"Nanyi mlisimama wapi?"

Tukamwambia, ng'ambo ya barabara. Mzee akavua miwani. Akasema picha ni nzuri, na kama mada ingekuwa Moshi, au Jioni, angetupa mkono. Lakini tumeulizwa habari ya jirani, tukaleta mtu wa mbali.

Ndugu zangu, mwenye kushindana kwa mada na akumbuke jambo hili. Picha nyingi huanguka katika mashindano ya namna hii si kwa ubaya wake, bali kwa sababu zimejibu swali ambalo hazikuulizwa. Ni kama mwanafunzi aliyetakiwa kuandika insha ya mvua, naye akaandika vizuri kabisa habari za safari yake ya Mombasa. Mwalimu atafanyaje?

Tulitoka pale tumenuna. Mmoja wetu alisema mzee amepitwa na wakati. Mwingine alisema ni wivu tu, kwa kuwa siku hizi kila mtu ana kamera ndani ya simu na studio haina wateja. Ajabu ni kwamba wale waliotusifu hatukuwauliza wanajua nini kuhusu picha. Huyu aliyetukosoa ndiye tuliyetaka atuonyeshe vyeti.

Usiku ule fundi wetu wa cherehani alitukumbusha habari ya Apolo, katika Matendo ya Mitume sura ya 18. Apolo alikuwa mtu wa Iskanderia, msemaji hodari, tena mjuzi wa Maandiko. Alipofika Efeso alifundisha kwa bidii, lakini elimu yake ilikomea kwenye ubatizo wa Yohana. Akila na mkewe Prisila walimsikiliza. Hawakumsimamisha mbele ya watu wote. Walimchukua kando, wakamweleza yale yaliyopungua. Sisi twapenda kufikiri kwamba walimpa chakula kwanza, ingawa Luka hakuandika hivyo. Fundi wetu aliipenda sana habari hii, maana Akila na Prisila walikuwa washona mahema, watu wa sindano kama yeye, nao wakamfundisha msomi. Luka hatuambii Apolo alijibu nini alipoelezwa. Atuambia tu kwamba baadaye alivuka kwenda Akaya, akawa msaada mkubwa kwa waumini wa huko.

Na mzee wetu, tulikumbuka, alikuwa amefunga mlango kabla ya kusema.

Basi Jumatano, siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea picha, tulivuka barabara. Tulimsalimu yule mama, tukanunua mahindi manne, tukamwambia jina letu na kanisa letu, naye akatuambia jina lake. Twalijua sasa, ila alituomba tusilitaje redioni. Kisha tukamwonyesha picha. Akapangusa mikono, akaishika kwa mbali, halafu kwa karibu, akacheka kwa sauti.

"Kwani hapa nalia?"

Tukasema tuliona machozi.

"Huo ni moshi! Makaa yalikuwa yamelowa. Siku hiyo niliuza gunia zima, nikafunga nikiimba."

Tukacheka naye. Lakini alipoyasoma maneno ya chini, kicheko kikakoma. Akatueleza kwamba ana mtoto chuoni, na kwamba kila akipigiwa simu humwambia asome tu, karo ipo. Sasa mtoto huyo akikuta picha ya mama yake analia barabarani, atakaa darasani namna gani? Akaturudishia picha. "Msiipeleke," akasema.

Mwaka 2018 jumba moja la makumbusho la London liitwalo Natural History Museum liliondoa picha iliyokuwa imeshinda mwaka 2017 katika shindano lao kubwa la picha za wanyama. Ilimwonyesha usiku mnyama wa Brazil alaye mchwa, akikaribia kichuguu chenye nuru. Wataalamu waliilinganisha na mnyama aliyekaushwa aliyekuwa kwenye kituo cha wageni cha hifadhi ileile, wakaamua kwamba ndiye yuleyule. Mpiga picha alikanusha, lakini ushindi wake ukafutwa. Tuliposoma habari hiyo zamani tulimlaumu sana mtu huyo. Sasa sisi tulikuwa na machozi ambayo si machozi.

Msidhani tulikubaliana mara moja. Tuliketi chini ya mti tukabishana. Kondakta alisema tubadili maneno tu, tuandike Moshi wa Jirani, maana mwanga wa namna ile haupatikani mara mbili. Mwingine akasema, "Nani atajua? Mama huyu haendi kwenye maonyesho." Mwalimu mmoja ndipo alipotaja Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Akasema mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data hapa Kenya iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Hapo wote tukanyamaza. Twakiri kwamba faini ndiyo iliyotunyamazisha kwanza. Dhamiri ilifika baadaye, ikihema.

Ilifika pale mwalimu wa pili alipotusimulia habari ya picha ambayo huenda wengi wenu mmeiona vitabuni. Mwezi wa Machi mwaka 1936, mpiga picha Dorothea Lange, aliyeajiriwa na serikali ya Marekani, alimpiga picha mama mmoja katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Mama ameweka mkono shavuni, watoto wawili wamemwegemea na kuficha nyuso zao. Ilikuwa miaka ya shida kuu. Picha hiyo ilipotokea gazetini, chakula kililetwa upesi kambini. Kwa hiyo ilifanya mema, hatukatai. Lakini mama mwenyewe na watoto wake walikuwa wamekwisha kuhama. Picha ikasambaa duniani. Lange mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakumwuliza yule mama jina lake. Aliandika pia kwamba walikuwa wameuza matairi ya gari lao ili wapate chakula. Jamaa walisema haikuwa hivyo, hawakuuza matairi yoyote. Mwandishi wa gazeti alimpata mama huyo mwaka 1978. Jina lake lilikuwa Florence Owens Thompson. Miaka 42 ilikuwa imepita ndipo alipoulizwa maoni yake juu ya picha yake mwenyewe, naye akasema alitamani isingalipigwa, maana hakupata hata senti moja kwayo.

Mwalimu alipomaliza, kondakta aliinuka, akaifuta picha katika simu yake mbele yetu. Wengine tukafuata. Mmoja alikawia kidogo, nasi hatumlaumu. Ilikuwa picha nzuri.

Alhamisi tulirudi kwa mama. Tulimwambia imefutwa, na tukamwuliza kama angekubali kupigwa nyingine. Akauliza shindano lenyewe ni la nini. Tukamwambia ni la jirani. Akageuka akamwita fundi viatu aketiye karibu naye chini ya mwavuli mkubwa.

"Mnataka jirani? Jirani yangu ni huyu. Mvua ikinyesha huleta mwavuli wake juu ya jiko langu, yeye akanyeshewa."

Katika picha ile ya kwanza mtu huyu hakuwamo kabisa. Tulikuwa tumemkata pembeni, tukabakiza tairi.

Mama alikataa kupigwa kabla ya kubadili leso. Alipokuwa tayari ilikuwa saa saba mchana, jua la utosini, vivuli vyeusi chini ya macho. Fundi viatu alifumba macho mara tatu. Tulipiga hivyo hivyo, tukamwonyesha kila mmoja, wakachagua wao. Maneno ya chini alituambia mama mwenyewe: Mwavuli Wake, Jiko Langu. Tulipeleka Ijumaa, zimebaki dakika chache.

Kamera hatukupata. Waamuzi walikuwa na utaratibu mwema wa kumwandikia kila mshindani maoni yake, nasi yetu tumeyahifadhi. Waliandika kwamba mwanga ni mkali mno, kwamba picha imeinama upande wa kushoto, na kwamba nguzo ya stima imeota kichwani mwa fundi viatu. Kisha wakaongeza mstari mmoja: hawa wawili waonekana wajuana kweli.

Tulimpelekea mzee wa studio karatasi hiyo pamoja na picha. Akafunga mlango kama kawaida yake. "Nguzo hii nayo hamkuiona?" akauliza. Tukasema hatukuiona. Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akatutolea nakala mbili kubwa, moja ya mama na moja ya fundi viatu, akakataa malipo. Ya mama imetundikwa ndani ya kibanda, imekwisha kuingia moshi. Alipiga picha ya picha ile kwa simu, akampelekea mtoto wake chuoni. Jibu la mtoto alitusomea: aliuliza ile leso mpya ilinunuliwa lini.

Juma lililopita tulipita pale tena. Mama alituuliza kama kuna shindano mwaka huu, na mada yake ni nini. Tukamwambia lipo, na mada ni Chakula. Akasogeza kreti mbili na debe moja karibu na jiko, akamwomba fundi viatu kigoda chake.

"Basi kaeni kwanza mle," akasema. "Kamera mtaitoa baadaye."