Mkono Mtulivu ni Nidhamu ya Kazi



Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni ili kupata ramani mpya, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Kazi hiyo ilidhihirisha kwamba droni si mchezo wa matajiri, bali ni zana ya maendeleo.

Wako wanaosema: kompyuta ndiyo inayoiongoza, mazoezi ya nini? Fikra hiyo ni ya hatari. Upepo ukivuma ghafla, au mawasiliano ya setilaiti yakikatika, ni mkono wa mtu utakaoirudisha droni salama, au utakaoiangusha juu ya vichwa vya watoto.

Kwa hiyo mwanafunzi na aanzie uwanja mtupu. Kwanza aisimamishe droni angani, mita 2 tu juu ya ardhi, bila kuyumba. Kisha aigeuze imwelekee yeye, ndipo atakapoona kulia kumekuwa kushoto. Baadaye aizungushe kwa mraba, halafu kwa umbo la tarakimu 8, polepole, akivisukuma vijiti vya kuongozea pasipo kuvishtua. Na atue betri ingali na akiba.

Mazoezi hayo yanachosha, lakini hayana njia ya mkato. Tusimkabidhi kijana droni ya umma kabla hajayaweza. Mali ya wananchi na usalama wao si vitu vya kujifunzia.