Mkwe Anayetoka Mbali
Somo: Ruthu 1–2



Watoto wetu wa Masisi na Walikale wamefika mbali, wengine hadi Marekani, na huko wameoa na kuolewa. Sasa mkwe anakuja kututembelea, na anasema anataka kuishi kati yetu. Tumpokee namna gani?

Ruthu alikuwa Mmoabu. Alifika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri, bila mali. Hakungoja kuhudumiwa; alikwenda shambani kuokota masuke. Boazi naye hakumuuliza ameleta nini. Alimpa maji, mkate na ulinzi.

Kwako mkwe: kaa kwanza. Jifunze salamu za Kihunde au za Kinyanga, kula bugali na sombe pamoja na wazee. Usikimbilie kununua shamba. Hapa kwetu migogoro ya ardhi imemwaga damu.

Kwetu sisi jamaa: tusimfanye mkwe kuwa banki. Tukimwomba pesa kila asubuhi, tumemfukuza bila kusema neno.

Mgeni yule wa Bethlehemu alimzaa Obedi, babu ya mfalme Daudi, na katika ukoo huo akazaliwa Yesu. Tuangalie tusije tukafunga mlango mbele ya baraka yetu. Tuombe.