Miezi Mitatu kwa Elisabeti

Luka atuambia kwamba Mariamu alikaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu. Ndiyo miezi migumu ya mwanzo, naye hakuipitia peke yake.

Kwetu Meru na Embu wengi huficha mimba mpaka tumbo lionekane. Elisabeti naye alijificha miezi mitano, hatumlaumu. Lakini mama aliyenyamaza huendelea kubeba kuni na kuchuma chai huku akitapika, na kliniki huifikia amechelewa. Aende kabla ya juma la 12 tangu hedhi yake ya mwisho, apimwe damu, apewe vidonge vya kuongeza damu.

Karibu na juma hilo kichefuchefu hupungua kwa wengi, na mtoto ana urefu wa kama sentimeta 6. Hatari ya mimba kutoka hupungua, ila haijaisha. Akitokwa na damu, akiumwa sana tumbo au akishikwa na homa, msingoje kuche, mpelekeni hospitali.

Na mimba ikitoka? Sisi wachungaji tumezoea kunyamaza, kwa kuwa hakuna mazishi. Tumekosea. Ewe mume, usimwulize mkeo alifanya nini. Mara nyingi hakufanya lolote. Keti naye. Nasi tuiteni, tutakuja.