Tarehe Zilizogeuka Katika Kompyuta
(Mazungumzo na waweka hazina wa vikundi)

Mliniomba nizungumze juu ya Excel, programu mnayoandikia mikopo.

Kikundi chetu kilipowekewa programu mpya, mkopo wa kulipwa 3/4 ulisomeka Machi 4 badala ya Aprili 3. Mama mmoja akadaiwa faini, kumbe hajachelewa! Nusura tukosane. Kosa halikuwa lake wala la mweka hazina. Kompyuta ilikuwa imepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku.

Sasa jipimeni hivi. Fungueni ukurasa mpya, andikeni 25/12/2024. Ikikaa upande wa kulia, ni sawa. Iking'ang'ania kushoto, haikutambuliwa kuwa tarehe, maana hakuna mwezi wa 25. Basi ingieni kwenye mipangilio ya Windows, mahali pa nchi na lugha, mchague siku itangulie. Lakini jamani, tarehe zilizokwisha kuingia vibaya hazijirekebishi. Zisahihisheni moja moja mkilinganisha na daftari la karatasi. Hilo daftari msilitupe!

Na nambari za simu? Sifuri ya mbele hupotea kwa sababu Excel hudhani ni hesabu. Tangulizeni alama hii ' kisha nambari, nayo itabaki.

Fundi akija kubadilisha programu, asiguse kitu kabla hamjanakili faili zenu kwenye flashi, na flashi ikae kwa mtu mwingine.

Haya, mwenye swali aulize.