Pumzi Ndiyo Inasimamisha Mwili



Mumekuja leo kupima watoto, na wengi wenu mumewabeba mgongoni kutoka Katuba, kutoka Kenya, wengine kutoka mbali kule Ruashi. Lakini mazungumzo ya leo si ya mtoto. Ni ya yule anayebaki nyumbani akikohoa: kambo wa mtoto, ao mama mkwe, ao wewe mwenyewe unayenisikiliza. Tutazungumza juu ya pumzi na juu ya kuanguka. Mutauliza: mambo haya mawili yanakutana wapi? Yanakutana chini ya mbavu.

Weka mkono wako pale, juu ya kitovu, chini ya mbavu. Vuta pumzi. Unasikia mkono unasukumwa? Ndani mule kuna msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Jina lake ni kiwambo. Umejikunja juu kama kifuniko cha chungu. Ukivuta pumzi, unashuka, na hewa inaingia katika mapafu. Mtu mzima akikaa kimya anafanya hivyo mara 12 mpaka 20 kwa dakika moja, usiku na mchana, bila kufikiri.

Sasa, mtu mwenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, hewa inaingia lakini kutoka ni shida. Inabaki ndani. Kifua kinajaa kama mfuko wa makala uliofungwa kwa nguvu, na kile kifuniko kinasukumwa chini mpaka kinakuwa sawasawa kama sani. Kitashuka wapi tena? Nafasi imekwisha. Basi misuli ya shingo na ya mabega inakuja kusaidia. Ndiyo maana munamwona kambo mabega yake yamepanda, shingo imekauka, ameinama mbele, mikono juu ya magoti. Si uvivu. Anafanya kazi nzito hata akiwa amekaa.

Ugonjwa huu unatoka wapi? Moshi wa mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa, miaka na miaka, hasa majira ya baridi, Juni na Julai, wakati tunaingiza makala ndani ili watoto wapate joto. Tumbako. Vumbi la migodi na la kupasua mawe. Kifua kikuu pia: dawa zinaua ugonjwa, lakini makovu yanaweza kubaki katika mapafu. Na asma isiyotunzwa. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu hawakuvuta sigara hata siku moja, walipika tu.

Hapa ndipo nataka musikilize vizuri. Kiwambo kina kazi ya pili, ambayo watu wengi hawaijui. Pamoja na misuli ya tumbo na ya mgongo kinashika mwili usiyumbe. Unapotaka kuinua mkono kuchukua kitu, kiwambo kinajikaza mbele ya mkono kuanza, ili kiwiliwili kisimame imara. Sasa kama msuli huu umechoka kwa kuvuta pumzi, utachagua nini? Utachagua pumzi. Kazi ya kusimamisha mwili inaachwa nyuma. Kambo anageuka kuitikia mtoto, anayumba, anaanguka.

Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha Leuven, kule Ubelgiji, walitoa habari ya wagonjwa wa mapafu waliowapima wakiwa wamesimama. Waliona kwamba wagonjwa hawa, hasa wale ambao misuli yao ya kuvuta pumzi ilikuwa dhaifu, walijisimamisha zaidi kwa vifundo vya miguu na kidogo kwa mgongo. Juu ya sima iliyo sawa, vifundo vinaweza kutosha. Lakini barabara zetu munazijua! Wakati wa mvua, penye matope na mashimo, vifundo peke yake havitoshi.

Watu wanasema, « Kambo anazeeka, njo maana anaangukaka. » Wengine wanaanza kutafuta mlozi. Wamama, si uzee tu, na si ulozi. Na hatari si ya kambo peke yake. Nani anabaki na mtoto wako ukienda sokoni? Nani anapita karibu na mbabula na mtoto mgongoni?

Jaribuni hivi nyumbani. Kiti cha nguvu, kimeegemea ukuta. Kambo anakaa, mikono imekunjwa juu ya kifua. Anasimama na kukaa mara tano, upesi anavyoweza, na wewe unahesabu kwa telefone, ukisimama karibu yake. Kama inapita sekunde 15, ao kama hawezi kumaliza, miguu yake ni dhaifu na hatari ya kuanguka ni kubwa.

Kisha jaribio hilohilo linakuwa dawa. Kila siku asimame na kukaa mara chache, apumzike, arudilie. Mwanzoni ashike kiti. Anapoinuka atoe pumzi, asiifunge. Atoe polepole kwa midomo iliyokunjwa, kama unavyopoza uji wa mtoto, si kama unavyopuliza makala. Avute kwa pua, atoe kwa midomo, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Hivyo ile hewa iliyofungwa inapata njia. Atembee pia, hata ni mpaka kwa jirani na kurudi; pumzi ikipanda kidogo si vibaya, bora aweze bado kusema maneno machache. Baadaye asimame kando ya meza, mguu mmoja mbele ya mwingine, kidole kimoja tu juu ya meza, na mtu karibu. Kusimama vile kunafundisha mwili usiyumbe.

Katika hospitali nyingine mtaalamu wa mazoezi ya viungo anacho kifaa kidogo cha mdomoni, kinachofanya kuvuta pumzi kuwe kugumu kidogo. Msuli unaofanya kazi unapata nguvu, sawa na mikono ya mama anayetwanga sombe. Ni kizuri, ukikipata. Lakini usiuze mbuzi kwa ajili yake: bila kuzoeza miguu na kusimama, kifaa peke yake hakitoshi kumzuia mtu asianguke.

Pumzi ikimkatika, asilale chali. Akae, ainame mbele, viwiko juu ya meza ao juu ya magoti. Mkao ule unakipa kiwambo nafasi ya kufanya kazi tena.

Sasa kazi za nyumbani. Mikono ikiinuliwa juu, ile misuli ya mabega iliyokuwa inasaidia pumzi inaitwa kubeba mikono. Ndiyo sababu kuanika nguo kunamchosha kuliko kutembea. Shusha kamba ya nguo mpaka kifuani. Kuchambua sombe na kukata mboga, afanye amekaa, viwiko juu ya meza. Bidoni ya litre 20 juu ya kichwa, hapana. Ndoo ndogo mara mbili ni afadhali. Na kama anambeba mtoto mgongoni, kikwembe kisikazwe juu ya mbavu na tumbo, maana unakuwa umefunga mlango wa pumzi. Afadhali akae, umpe mtoto mapajani.

Neno moja juu ya vidonge. Najua predinizoni na deksametazoni zinauzwa sokoni, na wengine wanazimeza ili wanenepe. Zikimezwa muda mrefu zinadhoofisha mifupa na misuli ya mapaja. Mtu anaanguka kidogo tu, mfupa unavunjika. Usianze bila munganga. Na kama umekwisha kuzimeza siku nyingi, usiache ghafula, njoo kwanza tuzungumze.

Mbabula ikae nje, ao penye upenyo mkubwa wa hewa. Usiku isibaki kamwe katika chumba cha kulala, hata ikiwa makala yanaonekana kufa: hewa yake inaua watu usingizini bila harufu. Kikohozi kikifika wiki mbili, tunapima makohozi ili kutafuta kifua kikuu. Na kama midomo inakuwa ya bluu, ao anatema damu, ao hawezi kumaliza neno kwa kukosa pumzi, ao anaanza kusinzia na kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi. Mlete usiku ule ule.

Siku mutakaporudi kupima watoto, mutuletee hesabu ya kambo: sekunde ngapi kwa mara tano, na alianguka mara ngapi tangu mvua zilipoanza. Mukiweza, mumlete yeye mwenyewe. Kiti cha kujaribia kiko hapa karibu na mizani.