Bado Hatujachelewa: Bustani ya Riversdale na Kupanda Kabla ya Baridi

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa familia, Beltsville, mwisho wa Agosti



Wiki hizi nasikia neno moja majumbani: "Tumechelewa. Joto linaisha, tutalima mwakani." Leo nataka kuwaambia kwamba bado hatujachelewa, na kwamba karibu nasi ipo bustani ya zamani ambako mtu anaweza kwenda kutazama na kuuliza kabla hajashika jembe.

Bustani hiyo iko Riversdale, katika mji wa Riverdale Park. Kutoka Beltsville unashuka na barabara ya Route 1, unapita College Park, unafika. Pale kuna nyumba kubwa iliyojengwa kati ya 1801 na 1807. Leo ni makumbusho ya umma, chini ya idara ya bustani na burudani ya kaunti yetu ya Prince George's. Nje kuna bustani ya mboga na majani ya viungo, ya aina iliyokuwa ikilisha nyumba kama ile enzi hizo.

Mtaniuliza, nyumba ya matajiri inatuhusu nini? Aliyeanza kuijenga, Henri Joseph Stier, alikuwa mkimbizi. Alitoka Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1794 pamoja na familia yake, majeshi ya Ufaransa yalipokuwa yanakaribia. Mwaka 1803 akarudi kwao, na binti yake Rosalie, aliyekuwa ameolewa na George Calvert, akabaki. Ni kweli, alikuwa mkimbizi mwenye mali. Hakufika na mfuko mmoja kama sisi.

Lakini jembe hakulishika yeye. Kazi ya ardhi ile ilifanywa na watu weusi waliokuwa watumwa. Mmoja wao aliitwa Adam Francis Plummer. Alijua kusoma na kuandika, na mwaka 1841, mwaka aliomwoa Emily, alianza kuandika daftari la maisha yake. Emily alikuwa mtumwa wa shamba lingine. Baadaye mke na watoto waliuzwa mbali naye, na binti yao mmoja alipelekwa mpaka New Orleans. Utumwa ulikomeshwa Maryland mwaka 1864. Familia ikamtafuta binti yule, ikampata. Daftari la Plummer limehifadhiwa mpaka leo. Nadhani humu ndani wamo wanaojua maana ya kumtafuta mtoto aliyepotea njiani.

Kwa hiyo ukifika pale, usiingie kama mtu anayechungulia kwa jirani. Bamia, kunde na tikiti maji ni mazao ya Afrika, na yalivuka bahari katika biashara ile ya watumwa. Mikono ya watu wetu imo katika bustani za nchi hii tangu zamani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kule tulikotoka tulihesabu mvua: masika, vuli, kiangazi. Hapa kinachohesabiwa ni baridi. Usiku wa kwanza wa baridi inayoganda juu ya majani kama chumvi huja, kwa kawaida, kati ya katikati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba. Usiku huo unaua bamia, nyanya, maharage, lengalenga na matembele. Vivuneni vyote kabla. Majani ya maboga pia, msiyaache.

Lakini zipo mboga zinazopenda ubaridi. Sukuma wiki ipandwe sasa, na ni afadhali ununue miche, maana mbegu itachelewa. Spinachi, saladi na figili unaweza kupanda kwa mbegu mpaka katikati ya Septemba. Msiogope sukuma ikipigwa na baridi kidogo, majani yake huwa matamu zaidi. Mwezi wa Oktoba pandeni kitunguu saumu. Kitalala ardhini majira yote ya baridi, na mwezi wa Juni mtavuna.

Kama familia yenu inapata msaada wa chakula wa SNAP, kadi ile inaweza kununua mbegu na miche ya chakula katika maduka yanayoipokea. Wengi hawalijui hili.

Kuhusu mazungumzo ya bustani. Mwisho wa joto na mwanzo wa vuli, bustani za umma na maktaba huwa na siku za mafunzo na shughuli za watoto. Wapo pia watu wa kujitolea waliofundishwa na Chuo Kikuu cha Maryland, wanaoitwa Master Gardeners. Kazi yao ni kujibu maswali ya wakulima wa nyumbani, bila malipo. Usione haya kwa sababu ya Kiingereza. Jani lenye ugonjwa halihitaji lugha: lipige picha kwa simu, au lifunge kwenye mfuko wa nailoni, umwonyeshe. Piga simu mapema kuuliza siku, saa, malipo kama yapo, na kama mkalimani anaweza kupatikana. Mpeleke na bibi au babu. Mzee aliyelima miaka 40 halafu akafungiwa ghorofani anadhoofika. Akisimama mbele ya mche, anakuwa mwalimu tena.

Nawaonya mambo manne. Kwanza, katika bustani za umma hatuchumi kitu, hata kama lengalenga limeota njiani. Pili, kuna mmea mrefu wa porini wenye shina la rangi ya zambarau na matunda meusi yanayoning'inia kama zabibu. Una sumu. Waonyesheni watoto, wasiuguse. Tatu, mkitoka kwenye nyasi ndefu, kagueni miili ya watoto, kwapani na nyuma ya masikio, kwa sababu kupe wa hapa huleta ugonjwa. Nne, udongo ulio karibu na nyumba za zamani unaweza kuwa na madini ya risasi yaliyotoka kwenye rangi. Ombeni ruhusa kwa mwenye nyumba, kisha pandeni katika masanduku au ndoo zilizotobolewa chini, kwa udongo wa kununua.

Mwisho, nyanya ile ndefu ya Roma, tunayopikia mchuzi kila siku, ilitoka hapa hapa. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Beltsville, kilichoanza mwaka 1910, waliizalisha miaka ya 1950 ili istahimili ugonjwa wa mnyauko. Mji huu tuliotupwa ndani yake na karatasi za ndege ni mji wa wakulima.

Basi wiki hii kila nyumba itafute ndoo moja na miche mitatu ya sukuma. Mungu akijalia, Novemba tutakutana hapa, na kila mmoja aje na majani.